Amina ya Tatu

Walikuwa wawili mezani, na Amina zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya Dobi, aliyeongoza sala. Ya pili ilikuwa ya wifi yake, nzito na ya haraka, Amina ya mtu ambaye chakula chake kinapoa. Ya tatu ilichelewa kidogo. Ilitoka chini chini, upande wa pazia lililotenganisha chumba cha kulia na duka lake la kufua na kupiga pasi nguo za watu. Ilikuwa Amina ya adabu. Wifi hakuisikia; alikuwa ameshashika kijiko.

Dobi alilitazama pazia. Pazia lilitulia kama pazia. Akachukua chumvi, akanyunyiza, akala.

Wewe ungeuliza. Mimi pia ningeuliza, ila ningeuliza nikiwa barabarani. Nimelala katika nyumba za wageni za kila namna, na tatu kati ya hizo nilizikimbia nimeshika suruali mkononi, ingawa baadaye ilikuja kujulikana kwamba mbili zilikuwa na panya tu. Lakini Dobi hakuogopa wala hakushangaa. Siku hizo alikuwa na ganzi. Ungemwambia paa linaungua, angeuliza kama nguo za wateja zimeshatolewa.

Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, na mtaani aliitwa hivyo hivyo, Fundi. Alikuwa amesafiri kwenda kutengeneza mnara mahali ambapo watu walilalamika kwamba simu hazishiki. Alipofika, vita vikazuka nyuma yake, barabara ikafungwa, na minara yote ya upande ule ikanyamaza. Yaani mtu aliyetumwa kurudisha mtandao ndiye aliyekuja kukosekana mtandaoni. Ofisini kwake walikuwa na jibu moja: "Tunafuatilia, mama." Dobi alipokwenda tena walifuatilia tena. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yu hai. Mlinzi wa getini ndiye pekee aliyemwambia pole, na hata yeye aliisema akiwa ametazama pembeni.

Mwanzoni Dobi alilia sana. Kisha kitu ndani yake kikazimika, kama pasi iliyochomolewa ukutani. Bado ilikuwa na umbo la pasi na uzito wa pasi, lakini hata ungeiweka juu ya shati mchana kutwa, mkunjo usingenyooka.

Kilichobaki kilikuwa sala ya jioni. Waliomba kila siku kabla ya kula, yeye na wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi aliyehamia kwao "kwa wiki moja" miaka mingi iliyopita. Zamani walikuwa watatu, ingawa huyo wa tatu alikuwa na kasoro. Fundi hakuwa mtu wa sala. Tuseme kweli, alikuwa mtu wa usingizi. Baba Yetu yake ilianza vizuri, kwa sauti ya mwanaume mwenye nyumba, lakini akifika kwenye mkate wetu wa kila siku alikuwa anasinzia, na akipigwa kiwiko anarukia popote. Katika ndoa yao yote Dobi hakuwahi kumsikia akifika Amina.

"Mungu anamjua kaka yangu kwa kukoroma," Wifi alikuwa akisema. "Siku akikaa macho, mbinguni watauliza huyu mgeni ni nani."

Fundi alipopotea, Dobi aliomba sala ndefu. Alitaja jina la mumewe, akataja barabara, madaraja, askari, madereva, hata mvua. Wakati huo Wifi bado alikuwa na utani, na jioni moja aliposikia, "Bwana, mrudishe bwana wangu nyumbani," alifumbua jicho moja.

"Wifi, umeweka mabwana wawili humo. Malaika wa zamu atachanganya mafaili."

Dobi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu.

Sala nayo hupauka. Ukiifua kila siku kwa maji yale yale, rangi hutoka. Kwanza madaraja yalikwenda, kisha mvua, kisha askari. Halafu jina la Fundi likawa zito mdomoni, likimkwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji, akaliacha. Ikabaki, "Bwana, mrudishe bwana wangu nyumbani." Kisha, "Bwana, mrudishe." Kisha, bila yeye mwenyewe kugundua, kwa uchovu tu, kama mtu anavyofupisha njia kwa kukata katikati ya uwanja, ikawa, "Bwana, rudi." Na mwisho kabisa ikawa maneno mawili, aliyoyasema mezani, aliyoyasema akisuuza mashuka, aliyoyasema akipiga pasi suruali za watu wasiomhusu.

"Bwana, njoo."

Ndipo Amina zikawa tatu.

Duka lilikuwa mbele ya nyumba, chumba kirefu chembamba. Mlangoni kaunta, katikati meza ya kupigia pasi, na nyuma bomba la chuma lililotoka ukuta hadi ukuta, limejaa nguo zilizokamilika, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni na kikaratasi chake cha namba. Mwisho wa bomba, penye giza kidogo, Dobi alikuwa ametundika shati moja la bluu la mumewe. Hakulifua. Lilikuwa na harufu yake kwapani na doa la grisi mfukoni, na ni Dobi peke yake aliyejua kwamba mchana duka likiwa tupu alikwenda kulinusa.

Majini wa kwenye hadithi hupenda usiku wa manane. Kitu hiki kilikuja saa nane mchana, jua kali, kama fundi bomba.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Dobi alikuwa akishona kifungo wakati alipopata harufu. Kila dobi anaijua harufu hiyo na huiota usingizini: kitambaa kinachotaka kuungua, dakika ile kabla hakijageuka rangi. Akainuka haraka. Pasi ilikuwa baridi. Akaishika kwa kiganja kizima, baridi. Akanusa mezani, akanusa kapu la nguo mbichi, akafuata pua yake mpaka mwisho wa bomba, na hapo akalikuta shati la bluu limenyooka. Mikono ilikuwa na mistari ya pasi. Kola ilikuwa imesimama. Doa la grisi halikuwepo. Akalishika kifuani, lilikuwa na joto.

"Bwana," alisema. Hakuwa anaomba, wala hakuwa anamwita mtu. Lilikuwa neno tu, lile linalotoka na pumzi.

"Naam," ikajibu sauti nyuma ya nguo.

Ilikuwa sauti ya Fundi.

Dobi alisimama pale na shati mkononi. Moyo ulipaswa kudunda, naye aliusubiri udunde, haukudunda.

"Ni wewe?"

"Umeniita."

"Uko wapi?"

"Hapa."

"Unarudi lini?"

"Nimekuja."

Akasogeza nguo moja, akasogeza ya pili, nailoni zikalia chakacha. Nyuma kulikuwa na ukuta. Akazirudisha nguo mahali pake, namba kwa namba, akaenda kumalizia kifungo.

Kesho yake kilikuja tena, na keshokutwa. Nakiita "kile" kwa sababu baadaye Mchungaji alikataa neno jini na Wifi akakataa neno lingine lolote, na mimi sipendi kugombanisha watu. Kilikuja mchana, baada ya Wifi kwenda sokoni. Kwanza harufu ya kuungua, kisha joto dogo shingoni, kama mtu amefungua mlango wa tanuri nyuma yako. Dobi aliita, kikaitika. Alikisimulia habari za ofisini, kikasikiliza. Kilisikiliza vizuri kuliko Fundi, ambaye ukimsimulia jambo hukujibu la juzi. Dobi hakufurahi. Ila alijua kwamba kuna mahali akiita anaitikiwa, na kwa mtu aliyepigia namba moja miezi na miezi akaambiwa haipatikani, hilo lilimtosha.

Siku moja, badala ya kusubiri kuitwa, kile kikasema:

"Hodi."

Dobi aliinua uso. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Hodi ilikuwa imetoka ndani. Kilikuwa tayari ndani ya duka, karibu kabisa na sikio lake, na bado kilikuwa kinabisha.

"Hodi," kikarudia, kwa upole.

Hapa ndipo kazi ya mtu inapomsaidia bila yeye kujua. Dobi yeyote duniani, ukimbishia hodi ghafla akiwa na mawazo, ana jibu moja mdomoni, limelainika kwa kutumika.

"Njoo kesho," alisema Dobi.

Kikaenda. Na kwa kuwa kilikuwa na adabu, kesho kikaja.

"Hodi."

"Bado kidogo. Njoo kesho."

Wakaendelea hivyo. Ila kila siku hodi ilisogea karibu zaidi, kutoka sikioni hadi kooni, kutoka kooni hadi mahali fulani chini ya mbavu, na kila siku "njoo kesho" ilipungua nguvu, mpaka Dobi akawa anajiuliza, bila hamu wala hofu, kwa nini hasa anakisumbua kiumbe cha watu.

Mchana mmoja Wifi alirudi mapema, nyanya zilikuwa zimepanda bei akasusa. Alipofika mlango wa uani alisikia sauti ya kaka yake dukani. Akaangusha kapu. Alikimbia na unene wake wote, anacheka, analia, mikono mbele tayari kumkumbatia, akalipiga pazia kando, na akamkuta wifi yake ameketi kwenye kigoda peke yake, uso kaelekeza kwenye nguo, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kusema karibu, na mbele yake nguo zote zimening'inia kimya, na chini ya nguo, pale ambapo mtu angesimama ungeona viatu vyake, sakafu ilikuwa tupu, imepigwa deki, inang'aa, na juu ya sakafu hiyo tupu mifuko ya nailoni ilikuwa inajibonyeza ndani na kujitokeza nje, yote kwa pamoja, polepole, ndani na nje, ndani na nje, kama kifua.

Wifi hakupiga kelele. Alimshika Dobi mkono, akamvuta mpaka uani, nyuma ya kamba za mashuka.

"Wifi," alinong'ona. "Yule ni nani?"

"Bwana."

"Bwana gani?"

Dobi alifikiri. "Sijui. Ananiitikia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi."

"Na wewe unakaa naye! Unazungumza naye! Mimi nakwenda kununua mchicha nakuacha na..." Akajaribu tena, chini zaidi. "Wewe mwanamke, huogopi?"

"Natafuta hofu, wifi, siioni." Dobi alilitazama shuka mbele yake, akalinyoosha pembe kwa mazoea. "Mungu nimemwita, kanyamaza. Kaka yako nimempigia, hapatikani. Huyu nikiita, anaitika. Basi."

"Yule siye kaka yangu."

"Sauti ni yake."

"Sauti ni yake lakini siye. Kaka yangu nimemlea mimi. Hajawahi kusema neno lisilo na usingizi ndani yake. Hata siku ya harusi yako alikula kiapo kama mtu aliyeamshwa." Wifi alijifuta uso kwa pembe ya shuka la mteja, na Dobi hakumkemea. "Ile niliyoisikia haijawahi kulala. Hata siku moja."

Mchungaji alikuja siku iliyofuata, mchana, na suruali ya kuazima iliyomwishia juu ya kifundo cha mguu. Ya kwake nzuri ilikuwa pale pale dukani, ikisubiri zamu. Alikuwa mtu mfupi mwenye mafua ya kudumu, mwenye mahubiri mafupi, na kwa hilo la pili alipendwa sana. Alisimama mbele ya bomba la nguo, akafungua kifungo cha kola, akapenga kamasi, akafumba macho.

"Tuombe. Ee Bwana..."

"Naam," kikasema kile.

Mchungaji alifumbua macho. Leso ilikuwa bado mkononi. Alimtazama Wifi, Wifi alimtazama Dobi, na Dobi alikuwa anatazama sakafu.

"Tutoke kidogo," alisema Mchungaji.

Uani aliomba maji, akanywa kikombe kizima. "Mama," alimwambia Dobi, "mimi nimesoma Kigiriki. Haya hayakuwepo kwenye Kigiriki. Lakini nieleze, unapoomba unasemaje? Usinipe ya kanisani. Nipe ya jikoni."

Dobi akamwambia. Alimweleza sala ilivyokuwa mwanzo, na ilivyopungua neno hili na neno lile, mpaka maneno mawili. Alizungumza kama mtu anayesoma namba za nguo.

"Bwana, njoo," Mchungaji alirudia polepole. "Na kwa neno hilo ulimaanisha yupi? Wa mbinguni au wa nyumbani?"

"Mwanzo nilijua."

"Na mwishoni?"

"Mwishoni nilikuwa naita tu."

Mchungaji aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Na mimi je," alisema, kama anaongea na kikombe. "Neno Bwana nalisema mara mia kwa Jumapili moja. Sijui mara ngapi kati ya hizo nimemaanisha mtu." Kisha akaguna. "Uliita bwana bila kusema yupi. Akaja mmoja. Kimeshakubishia hodi?"

"Kila siku."

"Ulikijibu nini?" Sauti ya Mchungaji ilikuwa imepanda. "Mama, kumbuka vizuri. Ulikiambia karibu?"

"Nilikiambia kije kesho."

Mchungaji aliitazama ile suruali ya kuazima. Yake mwenyewe ilikuwa na mwezi wa pili dukani humo.

"Hilo," alisema, "naliamini."

Wifi alicheka kwa mshtuko, kama mtu aliyepaliwa na maji, akajiziba mdomo.

"Basi kiko mlangoni bado," Mchungaji aliendelea. "Hakijakaribishwa. Mimi siwezi kukitoa, sikukiita mimi. Aliyeita ndiye anayefukuza. Lakini neno lile usilitumie tena, limekaliwa. Omba kwa majina. Jina la Yesu, lote, bila kulizunguka. Na jina la mumeo, lile ulilolificha. Useme unamtaka nani hasa, na nani humtaki."

Waliporudi dukani harufu ilikuwa imejaa, kali, ya kuchoma macho, na hapakuwa na moshi hata kidogo. Dobi alisimama mbele ya nguo. Wifi alimshika kiuno kwa nyuma. Mchungaji alikuwa anaomba kwa midomo bila sauti.

Kabla hajafungua kinywa, kile kilisema kwa sauti ya Fundi, bila haraka, "Ukinifukuza, hakuna atakayekuja."

Dobi alilitazama shati la bluu.

"Utaita, na hakuna atakayekuitikia. Leo, kesho, mpaka uzeeni. Mimi niko. Yeye hujui kama yuko. Hodi."

Hapo Dobi alielewa kile kinataka nini. Kilitaka kiti. Kulikuwa na nafasi moja ndani yake, iliyokuwa ya Fundi, na tangu aondoke ilikaa wazi, ikivuja upepo, ikimwuma kiasi cha kumtia ganzi mwili mzima, na kile kilikuwa kinajitolea kuijaza, leo hii, bure, kwa neno moja tu, na asingeumwa tena kamwe, na kama siku moja mwenye kiti angerudi, amechoka, ana vumbi, angekuta mtu ameketi.

Alifungua kinywa.

"Yesu," alisema.

Nguo zikatulia. Zilikuwa zinapumua, zikaacha.

"Yesu, ni mimi. Mke wa..." Akataja jina la mumewe. Majina yote matatu, lile la kubatizwa, lile la baba yake, lile la babu. La kwanza lilimkwama, akalitema. La pili lilimkata. La tatu lilitoka na kilio. "Huyo ndiye namtaka. Kama yuko hai mlete. Kama amekufa niambie, nimzike. Kama hutaki kuniambia, basi nitakaa bila kujua, nitaumwa hivyo hivyo, lakini kiti chake hakikai mtu mwingine. Huyu aliyekuja sikumwita yeye. Mtoe. Kwa jina lako, Yesu, mtoe nyumbani kwangu."

Nguo ya mwisho wa bomba ilitikisika. Kisha iliyofuata, kisha iliyofuata, moja baada ya nyingine, kama mtu anapita nyuma yake akizipangusa kwa bega, anakuja, anakuja, mpaka ya mwanzo, na joto likawapita watatu usoni, Wifi akapiga ukelele, na mlango wa duka, uliokuwa na komeo, ukagonga mara moja kuelekea nje kama umesukumwa na kiganja. Halafu kimya. Barabarani mtu alikuwa anauza mifagio.

Shati la bluu lilikuwa limeanguka. Kifuani lilikuwa na alama ya kahawia, vidole vitano, iliyoungua mpaka kwenye uzi. Na lilinuka Fundi tena, kwapa na grisi.

Dobi aliketi sakafuni akalia mpaka jioni. Viganja vilimwuma, makovu yote ya pasi, ya miaka yote. Kila kitu kilimwuma.

"Mwache," alisema Mchungaji, akichungulia namba za nguo moja moja. "Huko ndiko kupona. Samahani, suruali yangu iko wapi?"

Wakarudi kuomba, wawili, kwa majina, na Amina zikawa mbili. Dobi hakulisema tena neno lile. Hata wateja wanaume aliwaita kaka, na wazee akawaita baba, ikazoeleka. Usiku hakulala vizuri, chakula hakikumpita, alikonda. Hakuitikiwa na mtu. Alikaa bila kujua, kama alivyosema.

Kisha Jumapili moja, wametoka kanisani, Wifi anapiga pasi gauni lake mwenyewe, mlango wa duka ukagongwa.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Fundi.

Wifi aliinua pasi kama silaha. Dobi alisimama na mkono kifuani. Walitazamana.

"Hodi humu ndani! Mbona mmejifungia?"

"Usijibu," Wifi alinong'ona. Kisha akaita kwa sauti ya kutetemeka, "Wewe uliye nje! Sema Baba Yetu!"

"Nini?"

"Baba Yetu! Yote! Au nenda ulikotoka!"

Sauti ikaanza, nzito, ya mwanaume mwenye nyumba, ikaenda vizuri, ikaenda, ikafika kwenye mkate, ikapunguza mwendo. Ikasimama. Wakasikia mwayo mrefu.

"Mkate..." sauti ilisema. "Jamani, dada. Nimetembea siku ngapi sijui. Hapo kwenye mkate huwa naendeleaje? Kwani mkate wenyewe mnao?"

Wifi aliangusha pasi. Alianza kupiga vigelegele kabla hata haijatua. Dobi alikuwa ameshafika mlangoni, vidole havishiki, komeo linateleza, machozi yanamziba, na mlango ulipofunguka alikuwa pale, mifupa na ndevu, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya wa simu, ananuka jasho na grisi, macho yana usingizi. Na Dobi akasema kile ambacho mwanamke yeyote angemwambia mumewe, kwa furaha yote iliyokuwa imekaa ndani yake:

"Karibu! Karibu, bwana! Karibu ndani, bwana wangu, karibu!"

Nyuma yao nailoni zililia chakacha. Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na upepo.

Jioni waliketi mezani watatu. Wifi alikuwa amepika kama watu ishirini. Fundi alikuwa ameoga, amevaa shati jipya, na kiti chake kilikuwa chini yake. Dobi aliomba sala ndefu kuliko zote, kwa majina, akashukuru kwa barabara, kwa madaraja, hata kwa mvua. Wakamalizia na Baba Yetu.

"Amina," alisema Dobi.

"Amina!" alisema Wifi.

"Amina," ikasema ya tatu, ikichelewa kidogo, chini chini, kwa adabu.

Wifi alipasuka kicheko, macho bado amefumba. "Haleluya! Mmesikia? Kaka yangu kajifunza kusema Amina huko alikokuwa!"

Dobi alitabasamu. Watu watatu, Amina tatu. Alifumbua macho amtazame mumewe.

Fundi alikuwa ameegemea kiti, kidevu kifuani, mdomo wazi, anakoroma taratibu. Alikuwa amelala fofofo tangu kwenye mkate.